Mdogo wangu anapenda kimya. Aombe hosteli gani UDSM?

fundi_milango (Makambako)

Habari za jioni. Wakubwa zangu shikamooni, wenzangu hamjambo.

Mimi ni seremala, natengeneza milango na madirisha hapa Makambako. Nina mdogo wangu, kitinda mimba, niliyemlea tangu akiwa darasa la nne baba yetu alipofariki. Mwaka huu amechaguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Katika ukoo wetu ni wa kwanza kufika chuo kikuu, kwa hiyo nyumbani hakuna wa kumuuliza. Mtaani kila ninayemuuliza ananiambia "atazoea tu." Huenda ni kweli, lakini huyu mtoto namjua, ndiyo maana nimekuja kwenu.

Ni mtu wa kimya. Simaanishi mwoga wa watu. Akiwa na la kusema husema, na akikataa jambo hatikisiki. Ila kelele zinamchosha kama kazi ya kubeba mbao. Karakana yangu iko uani, nina randa ya umeme na msumeno wa mviringo. Tangu akiwa kidato cha kwanza, nikiwasha mashine yeye huchukua daftari, gunia la kukalia na chupa ya chai, anakwenda kwenye shamba la mipaini la jirani. Anakaa huko mpaka jua lizame. Mwezi wa sita na wa saba ukungu wa huku unashuka hadi huoni mti wa kumi mbele yako, na bado yuko huko na koti langu. Alipokuwa kidato cha nne niliacha kabisa kuwasha mashine jioni, kazi za kuranda nikawa nazimaliza asubuhi akiwa shuleni. Kuna wateja walinuna. Alipata daraja la kwanza.

Kidato cha tano na sita alikaa bweni. Likizo ya kwanza alirudi amekonda, nikadhani ni chakula. Kumbe ni usingizi. Kitanda chake kilikuwa karibu na mlango, na mlango ule ulilia usiku kucha kila mtu alipotoka kwenda chooni. Bawaba zilikuwa kavu. Mimi ni fundi wa milango, na mdogo wangu alikuwa anakosa usingizi muhula mzima kwa sababu ya bawaba! Jambo hilo liliniuma sana. Nilimpa kichupa cha mafuta ya cherehani, akarudi nacho, na tangu siku hiyo akalala. Baadaye akaenda JKT, akalala kwenye hanga na umati wa vijana wenzake. Aliporudi aliniambia yote aliyaweza, hata kukimbia alfajiri. Lililomshinda ni maongezi baada ya taa kuzimwa.

Sasa nasikia majina tu. Kuna Holi za kampasi, kuna Hosteli za Magufuli, kuna Mabibo. Wengine wananiambia nimpangie geto lake mtaani, awe peke yake, ajifungie asome. Mkopo wa bodi amepata, na mimi naweza kuongeza kidogo kila mwezi. Naomba waliowahi kukaa huko waniambie ukweli. Mtoto wa namna hii alale wapi?


mtu_wa_pangani

Hongera sana kaka, kwako na kwake. Kabla sijasema lolote, amechaguliwa kozi gani? Chuo hicho hakipo sehemu moja.


fundi_milango

Ahsante ndugu yangu. Sayansi ya kompyuta. Sikujua kwamba kozi ina uhusiano na mahali pa kulala.


mtu_wa_pangani

Ina uhusiano mkubwa. Ndaki ya TEHAMA, wenyewe wanaiita CoICT, iko Kijitonyama, maeneo ya Sayansi. Haiko juu ya kilima cha Mlimani, kwenye kampasi kuu. Watu wengi wa mikoani wanaposikia UDSM wanaiona Mlimani tu, wanaomba malazi ya Mlimani, kisha mtoto anajikuta anavuka barabara na foleni kila asubuhi kwenda darasani. Kwa mtu anayechoshwa na kelele, daladala ya saa kumi na mbili asubuhi ni mateso. Konda anapiga kelele mlangoni, redio iko juu, watu wamebanana. Anafika darasani akili imeshatumika nusu. Mwambie asubiri aone ratiba, ajue vipindi vyake vingi viko kampasi ipi, hapo ndipo mjadala wa hosteli uanze.


mwalimu_hesabu (Morogoro)

Kaka fundi, pole kwa majukumu na hongera. Nimesoma habari ya bawaba mara mbili. Nilikuwa mwanafunzi wa aina ya mdogo wako, kwa hiyo nitaandika kirefu.

Niliingia Mlimani Oktoba 2016, nikisoma ualimu wa hisabati. Nilikuwa mwaka wa kwanza bado Hosteli za Magufuli zilipofunguliwa Aprili 2017. Ni mabloku 20 ya ghorofa nne, kila bloku watu 192, jumla wanafunzi 3,840. Nilipozisikia hesabu hizo nilijiambia huko siendi, nitakufa na makelele. Mwaka wa pili nikapangiwa huko huko, na kusema kweli ndiko nilikolala vizuri kuliko miaka yangu yote ya chuo. Mwaka wangu wa kwanza nililala na watu wachache zaidi, na sikulala.

Nilichojifunza ni kwamba jina la hosteli linakwambia mambo machache sana. Linakwambia umbali wa kwenda darasani na kiasi cha kulipa. Kimya kinatokana na chumba chenyewe, kitanda chenyewe, na wale watu watatu au wanne utakaolala nao.

Nianze na chumba, kwa sababu wewe ni fundi na utanielewa. Chumba kilicho karibu na ngazi ni njia ya kila mtu. Chumba kinachotazamana na bomba au vyoo kina ndoo zinazogongana kuanzia saa kumi alfajiri, wakati wa kufua na kuoga. Katikati ya korido kuna afadhali, na mwisho wa korido, upande usio na ngazi, ndiko kuzuri zaidi. Ghorofa ya juu kabisa hakuna anayetembea kichwani kwako na upepo unapita. Ila maji yakikatika utabeba ndoo mpaka juu, na hilo mdogo wako alijue mapema.

Halafu kuna jambo ambalo mtu wa Makambako hawezi kulifikiria. Huko kwenu mnalala mmefunga madirisha kwa sababu ya baridi. Dar es Salaam utalala madirisha wazi. Anafika mwezi wa kumi au wa kumi na moja, joto linapanda, akifunga dirisha ataloa jasho. Kwa hiyo kila kelele ya nje ni kelele ya ndani: barabara, uwanja, kibanda cha chipsi, vijana waliokaa chini ya dirisha. Akipata nafasi ya kuchagua, achague upande unaotazama miti, hata kama upande wa pili una mandhari ya mji. Kuhusu feni, usimkataze. Mlio wake hauchoshi, tena unafunika sauti nyingi ndogo. Mimi nililala na feni miaka mitatu, na hadi leo bila mlio huo nasikia kila mbwa wa Morogoro.

Sasa watu. Hapa nakuomba unisikilize zaidi.

Muhula wa kwanza nilikuwa na mwenzangu wa chumba aliyekuwa anaongea na simu kuanzia saa sita usiku mpaka saa nane. Kila usiku. Nilijifunika shuka, nikaweka pamba masikioni, nikanyamaza wiki tatu. Nilikuwa namchukia, nasema kweli. Nilianza kusinzia kwenye kipindi cha kalkulasi, na jaribio la kwanza nilipata alama ambayo sijawahi kuipata tangu nijue kuandika namba. Siku moja nikalia bombani, na dada mmoja wa mwaka wa tatu akaniuliza, "Umeshamwambia?" Sikuwa nimemwambia. Jioni ile nilimwambia. Naye akalia. Mama yake alikuwa amelazwa, na bando la usiku ndilo pekee alilolimudu kumpigia. Aliniambia angetoka nje tangu siku ya kwanza kama ningefungua mdomo.

Jumamosi yake tulikaa sakafuni wote wanne, tukanunua chapati, tukapanga. Simu baada ya saa tano usiku iongelewe korido. Kengele ya simu ilie mara moja, mwenyewe aizime. Taa kubwa izimwe saa sita, anayesoma atumie taa yake ndogo. Tuliandika kwenye boksi la sabuni tukabandika nyuma ya mlango. Haikuwa sheria ya chuo, ilikuwa yetu, na iliheshimiwa hadi mwisho wa mwaka.

Watu wakimya tuna tabia ya kuvumilia mpaka tunaumwa. Mdogo wako alivumilia mlango muhula mzima, kaka. Aliteseka mpaka wewe ukagundua mwenyewe alipokuja likizo. Huko chuoni hutakuwepo kumwangalia kama amekonda. Kabla hajapanda basi, mfundishe kusema wiki ya kwanza, kwa upole, kabla hasira haijajaa.

Na la mwisho. Chumba cha hosteli kiwe cha kulala. Asipange kusomea humo. Novemba 2018, nikiwa mwaka wa tatu, ilifunguliwa maktaba mpya pale Mlimani, inayochukua watu 2,100 kwa wakati mmoja. Nilikuwa na kiti changu, ghorofani, mbali na lango, nyuma ya rafu ambazo wengi hawafiki. Nilikaa hapo kila siku mpaka jioni, nikirudi chumbani nimeshamaliza kazi, na wenzangu wakicheka sikujali, kwa sababu nami nilikuwa tayari kucheka. Hata kama atalala Kijitonyama, siku za wikendi apande kilima. Na miti ipo, kaka. Mlimani kuna miti mikubwa na vimbweta vya zege chini yake, utamkuta mtu amekaa na daftari lake asubuhi nzima, hakuna anayemsumbua. Nilipokuwa nasoma habari ya shamba la mipaini, vimbweta ndivyo nilivyoviona.


baba_wa_wawili (Kimara)

Ndugu fundi, mimi nitajibu habari ya geto tu, maana nililipia.

Mwanangu wa kwanza naye alikuwa msomi, hapendi watu. Nikasema nisimtupe kwenye kundi, nikampangia chumba Changanyikeni, karibu na chuo. Tulikwenda kukiangalia siku ya Jumanne saa nne asubuhi. Kimya kabisa, mwembe uani, mama mwenye nyumba anafagia. Nikalipa miezi sita kwa mkupuo, kama wenye nyumba wengi wanavyotaka. Ijumaa ya kwanza mwanangu ananipigia saa saba usiku, nasikia muziki kuliko sauti yake. Nyumba ya tatu kuna shughuli, wameweka kigodoro mpaka alfajiri. Wiki iliyofuata ni sabufa ya mpangaji wa chumba cha pili. Nani umwendee? Hosteli ina msimamizi, ina kanuni, ina mlinzi. Mtaani umwendee mjumbe usiku wa manane kumwambia watu wazime muziki wa harusi yao?

Kuna na mambo mengine. Umeme wa Luku ukiisha usiku ni yeye. Maji yasipotoka ni yeye atafute wa kumletea madumu. Akitoka kusoma saa nne usiku anatembea mwenyewe na kompyuta begani. Lakini lililonitisha ni moja. Aliumwa malaria siku mbili, mlango umefungwa, hakuna aliyejua. Kwenye chumba cha watu wanne mtu akilala mchana kutwa wenzake watamuuliza ana nini.

Kama lazima upange, nenda ukakiangalie chumba Ijumaa au Jumamosi usiku, usiende Jumanne asubuhi kama mimi. Ila ushauri wangu ni kwamba mwaka wa kwanza akae hosteli.


wa_kijitonyama

Shikamoo kaka fundi. Mimi niko mwaka wa tatu CoICT, kozi ya huyo mdogo wetu, na nalala hosteli ya chuo hapa hapa Kijitonyama. Natoka kitandani, napiga mswaki, naingia darasani. Sijui foleni. Mtu wa Pangani amesema kweli: kwanza aone ratiba.

Mazingira ya hapa ni madogo kuliko Mlimani, sura unazizoea haraka. Kwa mtu asiyependa umati naona ni faida. Ila asitegemee msitu. Nje ni mji.

Naongeza mambo ambayo mwalimu hakuyakuta, kwa sababu sisi tuna kelele zetu. Watu wa kompyuta tunafanya kazi usiku. Asaimenti inatolewa Jumatatu, inakusanywa Ijumaa saa sita usiku, na Alhamisi chumba kizima hakilali. Sauti ya kibodi ya laptop si kubwa, lakini watu watatu wakichapa kwa pamoja giza likiwa limetanda, utaisikia. Halafu kuna furaha. Programu iliyogoma siku mbili ikikubali saa tisa usiku, mtu anapiga ukelele. Mimi mwenyewe nimeshapiga. Kama anaweza kukaa na watu wa kozi tofauti au mwaka tofauti, zamu za kukesha hazitagongana na zake. Nilikaa mwaka wa pili na kaka wawili wa mwaka wa mwisho, walikuwa wanalala saa tano kama wazee, nikapata GPA yangu nzuri kuliko zote.

Jambo la pili ni kubebana. Labda kaka hulijui neno. Nafasi hazitoshi kila mtu, kwa hiyo aliyekosa anaomba rafiki ambebe, walale wawili kitanda kimoja. Huyo anayebebwa tunamwita mzamiaji. Chumba cha wanne kinakuwa cha sita bila mtu kutangaza. Mzamiaji si mtu mbaya, ni mwanafunzi mwenzetu mwenye shida, na huenda siku moja ni mimi. Lakini mdogo wetu akiwa mtu wa kukubali kila kitu kimya kimya, wataleta watu bila kumuuliza. Aseme mapema anachoweza na asichoweza. Pia ni kinyume cha kanuni za malazi, akikamatwa anaweza kupoteza kitanda chake.

Maombi ya malazi yanafanyika mtandaoni, kwenye mfumo wa chuo, ARIS. Akishapata namba ya usajili aingie mara moja, asisubiri kufika Dar. Akipangiwa, alipe kwa kontrol namba haraka. Kuomba si kupata, na aliyechelewa kulipa hana wa kumlaumu.


mzee_wa_lumumba

Fundi, marahaba. Nilisoma Mlimani zamani, nyinyi wengi hamjazaliwa. Nimefurahi kusoma nyuzi hizi, watu wamejibu kwa moyo.

Nina neno moja, nalo usilichukue vibaya. Nimehesabu. Umetuandikia habari ya mashine zako, koti lako, mafuta yako ya cherehani, na fedha utakazoongeza. Yote ni mapenzi, na baba yenu angekuwepo angekushukuru. Lakini sijaona popote ulipoandika, "nimemuuliza, akasema hivi." Kijana amemaliza kidato cha sita, ametoka JKT, anakwenda kusoma elimu ambayo mimi na wewe hatuijui. Umemuuliza anataka kulala wapi?


fundi_milango

Mzee, shikamoo tena. Nimekaa na maneno yako siku mbili.

Sikuwa nimemuuliza. Nilidhani jibu nalijua.

Jana jioni nilizima mashine, nikamfuata shambani. Sijawahi kumfuata huko, nilikuwa naona nitamharibia. Nikamkuta amekaa pale pale, gunia limeshachakaa, anasoma kitabu cha hisabati alichoazima. Nikamsomea kwenye simu yote mliyoyaandika, mwanzo mpaka mwisho. Ya mwalimu akaniomba nirudie pale wenzake walipokaa sakafuni na chapati.

Nikamuuliza, unataka geto uwe peke yako? Akakataa hapo hapo. Akaniambia, "Kaka, wewe unadhani huku nakimbia mashine. Huku naisikia kwa mbali. Ikinyamaza najua umemaliza, narudi tunakula." Anasema kusipokuwa na sauti yoyote huwa hasomi vizuri, anaanza kufikiria mambo ya msiba. Anachotaka ni sauti ziwe mbali kidogo, na ajue ni za nani.

Sikujua hayo miaka yote. Nilikuwa nawaambia wateja wasubiri ili pawe kimya, kumbe jioni zile nilizozima mashine mapema yeye alikuwa anakaa kule hajui kama nipo au nimetoka.

Basi ameamua mwenyewe. Ataomba hosteli ya Kijitonyama kwanza, ratiba ikithibitisha kwamba vipindi vingi viko huko. Akikosa ataomba za Magufuli, na daladala ataivumilia. Chumba akipewa nafasi ya kuchagua, mwisho wa korido, upande wa miti kama upo. Habari ya kusema na wenzake wiki ya kwanza tumeifanyia mazoezi, mimi nikiwa mwenye sabufa. Mara ya kwanza alinong'ona. Mara ya tatu nilisikia vizuri.

Habari ya fedha nayo nimeiangalia. Mkopo wa chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, ulikuwa 8,500 hadi serikali ilipoupandisha mwaka wa masomo 2022/23. Sitaki afike na kusubiri, kwa hiyo wiki za mwanzo nitamwezesha mimi, nina milango sita ya kukabidhi mwezi huu.

Bado jambo moja. Nimeanza kumtengenezea kimeza cha kukunja, cha kuweka kitandani, kwa ajili ya zile saa za usiku ambazo maktaba imefungwa. Nimetumia mbao ya mkangazi, ni nyepesi, na bawaba nimeweka za shaba ili zisilie. Ila sijui upana wa kitanda cha huko, wala nafasi iliyopo kati ya kitanda cha chini na cha juu, asije akagonga kichwa. Kijana wa Kijitonyama, unaweza kunisaidia vipimo?


wa_kijitonyama

Kaka, sina futi ya kupimia lakini rafiki yangu wa uhandisi anayo. Kesho jioni nampitia, napima vitanda viwili tofauti kwa sababu havilingani, nakuandikia hapa kwa sentimita. Na mdogo wetu akifika Mbezi stendi ya Magufuli asihangaike na mizigo na hicho kimeza. Mwambie anitumie ujumbe hapa hapa, nitampokea.


mwalimu_hesabu (Morogoro)

Kimeza akiweke wima ukutani mchana, kisije kikakaliwa. Na basi la Makambako linapita Morogoro saa za mchana. Akinijulisha siku, nitamletea pale stendi ya Msamvu taa yangu ndogo ya kusomea. Bado inafanya kazi.